Mstaafu, akiba yako na kipato cha jasho

Ndugu msikilizaji, na kwa leo ndugu msomaji, simu ya saa tatu usiku huwa siipendi. Katika umri wangu huu wa miaka arobaini na kitu nimekwisha zoea kwamba simu ya saa hizo ama ni ya msiba, ama ni ya mtu wa kuomba fedha za kwenda msibani. Lakini usiku ule wa mwezi Februari 2025 aliyepiga alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anaishi Houston, Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwake ilikuwa saa sita mchana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia, akanyamaza, na sasa anataka kulia tena.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe si mtu wa habari? Hebu nieleze, tangu lini mtu akatozwa faini kwa kuweka akiba?"

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Dada alifanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Akastaafu mwisho wa mwaka 2021. Mwaka uliofuata alikwenda benki, akakuta tangazo linalosema kwamba siku hizi mtu wa umri wowote anaruhusiwa kuchangia akaunti yake ya akiba ya uzeeni. Karani akamthibitishia kwamba ni kweli, umri si kikwazo tena. Basi dada, ambaye kwa kuweka fedha hajambo, akaweka dola 5,000 kwa mwaka 2022, dola 5,000 kwa mwaka 2023, na dola 5,000 kwa mwaka 2024. Jumla dola 15,000. Fedha hizo zilitoka katika akiba yake ya zamani, na nyingine walimpa watoto.

Sasa siku ile alikuwa amekwenda kwa mtayarishaji wa ritani za kodi. Yule bwana akamwuliza swali moja tu: "Mama, katika miaka hiyo mitatu ulikuwa unafanya kazi gani?" Dada akajibu kwa fahari kwamba hakufanya kazi yoyote, yeye ni mstaafu. Yule bwana akavua miwani. Akamwambia kwamba fedha zote hizo zimewekwa kinyume cha sheria, kwamba kuna faini ya asilimia 6 kila mwaka, na kwamba kwa haraka haraka anaona deni la dola 1,500.

Nilimwomba dada anipe siku mbili. Nimesomea uandishi wa habari, sikusomea uhasibu, lakini stashahada yangu ilinifunza walau jambo moja: kuuliza tena pale ambapo mtu mwingine amekwisha ridhika na jibu. Niliyoyapata ndiyo niliyoyazungumza redioni wiki hii, kwa sababu najua wako wasikilizaji wengi wenye dada, kaka, wajomba na shangazi huko Marekani, na kizazi cha waliokwenda miaka ya themanini na tisini sasa ndicho kinachofikia kustaafu.

Akaunti tunayoizungumzia inaitwa kwa kifupi IRA. Ni akaunti ya mtu binafsi ya kuwekea akiba ya uzeeni. Ilianzishwa na sheria ya mwaka 1974, ambayo Rais Gerald Ford aliitia sahihi tarehe 2 Septemba mwaka huo, na lengo lake la kwanza lilikuwa kumsaidia mfanyakazi ambaye mwajiri wake hana mpango wowote wa pensheni. Hapo mwanzo mtu aliruhusiwa kuweka dola 1,500 kwa mwaka, tena isizidi asilimia 15 ya ujira wake. Mwaka 1981 mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi wote, na kiwango kikawa dola 2,000. Kisha mwaka 1997 ikatungwa sheria iliyoleta akaunti ya aina ya pili, iitwayo Roth kwa jina la Seneta William Roth wa jimbo la Delaware, nayo ikaanza kutumika mwaka 1998.

Tofauti ya akaunti hizi mbili ni wakati wa kulipa kodi. Katika ile ya zamani, mara nyingi mtu hupata punguzo la kodi anapoweka, halafu hulipa kodi anapotoa. Katika ile ya Roth hapati punguzo lolote anapoweka, lakini akifuata masharti, anapotoa uzeeni hatozwi kodi hata senti, wala kwa faida iliyozaliwa humo ndani. Ya dada ilikuwa Roth.

Utaona basi kwamba tangu siku ya kwanza akaunti hii ilikuwa ya mfanyakazi. Sheria haikusema mwenye fedha aweke. Ilisema mwenye ujira aweke. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Ili uchangie IRA kwa mwaka fulani, ni lazima mwaka huo uwe na kipato ambacho mimi hapa nitakiita kipato cha jasho, yaani malipo ya kazi uliyoifanya wewe mwenyewe. Na huwezi kuweka zaidi ya kipato hicho, hata kama kiwango cha mwaka kinaruhusu zaidi. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 7,000, na aliyefikia umri wa miaka 50 aliongezewa 1,000, zikawa 8,000. Kwa mwaka 2026 kimepanda hadi dola 7,500, na mwenye miaka 50 au zaidi anaongezewa 1,100, jumla 8,600. Lakini mzee aliyepata dola 3,000 tu za jasho kwa mwaka mzima, mwisho wake ni 3,000. Aliyepata sifuri, mwisho wake ni sifuri.

Karani wa benki hakumdanganya dada. Alimwambia nusu ya habari, na nusu ya habari mara nyingine ni mbaya kuliko uongo, kwa kuwa ukiichunguza unakuta ni kweli. Zamani, mtu akifika umri wa miaka 70 na nusu, alikatazwa kabisa kuchangia akaunti ile ya aina ya kwanza, hata kama bado anafanya kazi kutwa kucha. Ile ya Roth haikuwahi kuwa na katazo hilo. Sheria iliyopitishwa Desemba 2019 ikaliondoa katazo kuanzia mwaka 2020. Magazeti yakaandika, benki zikabandika matangazo: umri si kitu! Ni kweli si kitu. Lakini sharti la kazi halikuguswa. Mzee wa miaka 82 anayeuza tiketi mlangoni kwenye sinema anaruhusiwa kuchangia. Mstaafu wa miaka 61 anayekula pensheni kivulini haruhusiwi.

Sasa kipi ni jasho na kipi si jasho? Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, maana akili ya kawaida inasema fedha yoyote niliyoipata kwa haki ni jasho langu. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, haioni hivyo. Mshahara ni jasho. Ujira wa saa, bakshishi za mhudumu wa hoteli, kamisheni ya muuzaji, bonasi, yote hayo ni jasho. Faida ya mtu aliyejiajiri mwenyewe ni jasho pia. Lakini pensheni siyo, ingawa uliifanyia kazi miaka thelathini. Mafao ya serikali yaitwayo Social Security siyo, ingawa ulikatwa kila mwezi kwa ajili yake. Riba ya benki siyo, gawio la hisa siyo, faida ya kuuza kiwanja siyo, fidia ya kukosa kazi siyo. Fedha unazotoa katika akaunti yenyewe ya uzeeni nazo siyo.

Na kuna moja ambalo linawagusa sana watu wetu. Kodi ya pango siyo jasho. Dada na shemeji wana nyumba yao Tabata, wapangaji wanne, na kila mwaka wanaitaja katika ritani yao kule Houston kama sheria inavyotaka, maana mkazi wa kudumu na raia wa Marekani hutakiwa kutaja mapato yake ya dunia nzima. Dada alikuwa amejipa moyo kwamba kodi ile ya Tabata itamwokoa. Nilipomwambia haihesabiki alikasirika, akaniuliza kama hao watu wa IRS wamewahi kumfuatilia mpangaji wa Tabata mwisho wa mwezi. Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe naona kufuatilia wapangaji ni kazi ya jasho kuliko kusoma habari redioni, ila sheria siyo mimi niliyeitunga.

Turudi kwa aliyejiajiri, kwa sababu wastaafu wengi huishia hapo: mmoja anapika sambusa na maandazi ya harusi, mwingine anashona, mwingine anafundisha udereva. Kinachohesabiwa siyo mauzo bali faida halisi, na hata hiyo faida hupunguzwa kwanza nusu ya ile kodi ya kujiajiri ambayo kule hulipwa kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee. Chukua mama aliyeuza vyakula kwa dola 9,000 kwa mwaka, akatumia 6,200 kwa unga, nyama, mafuta na gesi. Faida yake ni 2,800. Kodi ya kujiajiri inakaribia dola 396, nusu yake ni kama 198. Basi kipato chake cha jasho ni kama dola 2,600, na huo ndio mwisho wa anachoweza kuweka mwaka huo. Asije akatazama zile 9,000 akadhani anaruhusiwa kujaza akaunti mpaka juu.

Na bibi anayelea wajukuu je? Swali hili niliulizwa na wasikilizaji watatu baada ya kipindi, kwa hiyo naliingiza hapa. Mtoto akimpa mama yake fedha kila mwezi kwa mapenzi, hiyo ni zawadi, na zawadi siyo kipato cha jasho. Lakini akimwajiri kweli kulea watoto, akamlipa ujira wa kueleweka kwa kazi inayoonekana, na bibi akautaja ujira huo katika ritani yake, basi huo ni ujira kama mwingine wowote. Tahadhari moja tu: hayo ni kwa bibi mwenye haki ya kufanya kazi kule. Aliyekwenda kwa viza ya matembezi haruhusiwi kuajiriwa, hata na mwanawe wa kumzaa.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni asili ya noti zenyewe. Dada alidhani kosa lake ni kwamba aliweka fedha za watoto badala ya fedha za mshahara. La hasha. Sheria haifuatilii noti ilitoka mfuko gani. Mtu aliyepata mshahara wa dola 6,000 mwaka huo anaweza kuutumia wote kwa chakula na kodi ya nyumba, kisha akaweka katika IRA dola 6,000 alizopewa na mwanawe au alizouza gari. Kinachoulizwa ni kimoja tu: je, kwa mwaka huo kilikuwapo kipato cha jasho kinachofikia kiasi hicho?

Kwa hiyo mwaka wenyewe wa kustaafu una nafuu yake, na wengi huupoteza. Aliyeacha kazi mwisho wa Machi ana mishahara ya miezi mitatu, na yote inahesabiwa. Malipo ya likizo ambazo hakuzichukua, yakilipwa pamoja na mshahara wa mwisho na kuandikwa katika fomu W-2 kama ujira, nayo yanahesabiwa. Tena ana muda hadi tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata kuweka mchango wa mwaka huo. Yaani mtu aliyestaafu Machi 2025 aliruhusiwa kuchangia hadi tarehe 15 Aprili 2026, zaidi ya mwaka mzima baada ya kuagana na wenzake kazini. Ila malipo yaliyoahirishwa, yale ambayo wakubwa wa makampuni huyaweka kando ili wayapokee baada ya kustaafu, hayamo.

Sasa nirudi kwa dada, maana nilimwacha analia.

Siku ya pili nilimpigia nikamwuliza swali ambalo naamini yule mtayarishaji wa ritani alipaswa kuliuliza kabla ya kuvua miwani: "Shemeji aliacha kazi lini?" Akanijibu kwamba shemeji aliendesha basi la shule mwaka wote wa 2022, akaendelea mpaka Juni 2023 magoti yalipomshinda. Ritani yao je, hujaza pamoja au kila mtu na yake? Pamoja, tangu walipooana.

Ndugu msomaji, hapo mambo yakageuka. Sheria ya IRA ina mlango wa wanandoa. Mume na mke wakijaza ritani moja, yule asiye na kipato anaweza kuchangia akaunti yake mwenyewe kwa kutumia kipato cha jasho cha mwenzake. Zamani mlango huu ulikuwa mwembamba sana, dola 250 tu kwa mwenzi asiyefanya kazi, kana kwamba mama wa nyumbani anakula robo ya chakula. Sheria ya mwaka 1996 ikaupanua, na baadaye mlango huo ukapewa jina la Seneta Kay Bailey Hutchison, kutoka huko huko Texas anakoishi dada. Sharti lake ni kwamba michango ya wote wawili ikijumlishwa isizidi kipato cha jasho cha wote wawili kikijumlishwa, na kila mmoja abaki ndani ya kiwango chake cha mwaka.

Shemeji mwaka 2022 alilipwa zaidi ya dola 30,000. Nusu ya kwanza ya mwaka 2023 alilipwa dola 16,400. Yeye mwenyewe hakuwa akichangia IRA yoyote. Kwa hiyo dola 5,000 za dada za mwaka 2022 zilikuwa halali. Zile 5,000 za mwaka 2023 zilikuwa halali. Kosa lilibaki moja tu, zile 5,000 za mwaka 2024, kwa kuwa mwaka huo nyumba nzima haikuwa na mtu wa jasho. Waliishi kwa Social Security ya wote wawili, pensheni ndogo ya shemeji na kodi ya Tabata.

Nieleze na faini yenyewe inavyokwenda, maana ndiyo iliyomtisha. Ukiweka zaidi ya haki yako, ile ziada hutozwa asilimia 6, si mara moja, bali kila mwaka inapoendelea kukaa ndani ya akaunti. Ndivyo yule bwana alivyopata dola zake 1,500. Alihesabu 300 kwa mwaka 2022, ziada ikiwa 5,000. Akahesabu 600 kwa mwaka 2023, ziada ikiwa imefikia 10,000. Na 600 nyingine kwa mwaka 2024 kwa hizo hizo 10,000 za nyuma. Kwa zile za mwaka 2024 zenyewe hakuhesabu kitu, kwa sababu zilikuwa bado ndani ya muda wa kurekebishwa. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, kama dada angekuwa mjane.

Huo muda wa kurekebisha ndio dawa. Mtu akigundua kosa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo, yaani tarehe 15 Aprili, anaitoa ile ziada pamoja na faida iliyozaliwa nayo, na faini ya asilimia 6 haimpati. Akiwa amewasilisha ritani yake kwa wakati, huongezewa hadi tarehe 15 Oktoba. Faida hiyo hutozwa kodi ya kawaida ya mapato kwa mwaka ule mchango ulipowekwa. Akichelewa kupita hapo, basi 300 kwa kila dola 5,000, kila mwaka, mpaka aitoe, au mpaka apate tena kipato cha jasho cha kuifunika.

Dada alirudi benki mwezi Machi, safari hii na shemeji akiwa mkongojoni kama shahidi. Wakajaza fomu ya kuondoa mchango wa ziada wa mwaka 2024. Zikatoka dola 5,000 na faida ya dola 240. Hizo 240 zikaingia katika ritani. Yule bwana wa miwani, kwa haki yake niseme, alikubali alipoonyeshwa W-2 za shemeji, akafuta zile 1,500.

Kuna jambo ambalo ningependa lisipotee hapa katikati ya habari za dada. Kuchangia si sawa na kuhamisha. Mstaafu aliyekuwa na akiba katika mpango wa mwajiri, ule uitwao 401(k), hawezi tena kuuongezea kwa sababu michango yake hukatwa katika mshahara na mshahara haupo. Lakini kuzihamisha fedha zilizomo kwenda katika IRA yake hakuhitaji kipato cha jasho wala hakuna kiwango cha mwaka. Vivyo hivyo kuhamisha kutoka IRA ya aina ya kwanza kwenda Roth, ila hapo ajiandae kulipa kodi ya mapato kwa kiasi alichohamisha. Kisichohamishika ni lile fungu ambalo mzee hulazimishwa kulitoa kila mwaka katika akaunti ya aina ya kwanza, kuanzia umri wa miaka 73 kwa waliozaliwa kati ya 1951 na 1959, na miaka 75 kwa waliozaliwa 1960 au baadaye. Fungu hilo likitoka limetoka.

Na wale wanaorudi nyumbani? Hawa ndio hasa walionifanya nilete mazungumzo haya. Mzee anastaafu Marekani, anarudi Dar es Salaam, chuo kimoja kinampa mkataba wa kufundisha. Ni kazi, ni mshahara, ni jasho la kweli kabisa katika joto hili letu. Lakini Marekani ina msamaha kwa raia wake na wakazi wake wanaofanya kazi nchi za nje, na kwa mwaka 2025 mtu aliyetimiza masharti aliweza kuondolewa hadi dola 130,000 za ujira wa nje katika hesabu ya kodi. Sasa basi, ujira ulioondolewa kwa msamaha huo hauhesabiki kwa IRA. Mzee akiuondoa wote, kwa IRA ni kama hakufanya kazi. Njia nyingine ni kutouomba msamaha ule, na badala yake kudai apunguziwe kodi ya Marekani kwa kadiri ya kodi aliyokwisha kulipa Tanzania. Hapo mshahara unabaki katika ritani, na mlango wa IRA unabaki wazi. Ipi ina nafuu inategemea mshahara wenyewe na kodi iliyokatwa huku. Ni hesabu ya kukaa chini na mhasibu, siyo ya kubahatisha.

Msomaji wa hapa nyumbani asidhani hadithi hii ni ya ng'ambo tu. Hata kwetu mchango hufuata mshahara. Mwanachama wa NSSF huchangiwa asilimia 20 ya mshahara wake, kwa kawaida nusu yake na nusu ya mwajiri, na siku mshahara ukikatika mkondo nao unakatika, isipokuwa kwa anayejiandikisha mwenyewe kama mtu aliyejiajiri. Tofauti ni kwamba kwetu mstaafu mwenye fedha za ziada akizipeleka katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT, hakuna anayemwuliza kama alitoka jasho mwaka huo. Hata Marekani akaunti za kawaida za kununulia hisa hazina sharti hilo. Dada zile 5,000 zake sasa ziko huko. Hazina msamaha wa kodi, lakini hazina faini.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye, shemeji alikuwa anapata nafuu ya magoti na shule ilikuwa imemwomba arudi asubuhi tatu kwa wiki, si kuendesha basi bali kuvusha watoto barabara. Ujira wake utafikia kama dola 4,000 kwa mwaka. Kabla sijauliza hali ya watoto, dada alikuwa amekwisha nipigia hesabu: elfu nne za shemeji, basi elfu nne katika akaunti, na safari hii zinakwenda kwa jina la nani. Nikamwambia hilo sheria imewaachia wao wawili.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu barua za wasikilizaji waliouliza habari za mirathi ya mstaafu aliyefariki kabla hajamaliza kulipwa mafao.